Shajara ya kitini: asidi, besi na redoksi kwenye meza moja

Lengo

Kazi ni kuandika kitini cha majaribio ya kemia ya awali, kwa anayekutana na asidi, besi na redoksi kwa mara ya kwanza au anayerudia baada ya kusahau. Mara nyingi mada hizi hupangwa mbali mbali: asidi mwanzoni, redoksi huko mwishoni, na katikati yake kurasa za mambo mengine kabisa. Msomaji anafika sura ya pili akidhani anaanza upya. Mimi naona ni chanda na pete, na kitini hiki kinapaswa kulionyesha hilo kwa vitu vinavyoonekana ndani ya flaski. Kwenye asidi na besi kinachohama ni protoni, yaani ioni ya haidrojeni, H⁺. Kwenye redoksi kinachohama ni elektroni. Lakini mara nyingi elektroni haihami, au inaishia njiani, mpaka protoni ziwepo za kutosha.

Shajara hii inafuata kazi inavyokwenda, pamoja na hesabu zake na sababu za kuchukua jaribio hili na kuacha lile.

Ufafanuzi wa kushika

Kabla ya kugusa bureti (mrija wenye vipimo na bomba la kudondoshea) ilibidi niamue asidi ni nini, maana kila jaribio la mbele linasimama juu ya jibu hilo. Antoine Lavoisier aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake. Imani hiyo ilitikisika Humphry Davy alipotangaza, mwaka 1810, kwamba klorini ni elementi inayojitegemea. Asidi hidrokloriki ikabaki na haidrojeni na klorini tu. Oksijeni haimo, na bado ni asidi kweli kweli. Justus von Liebig, 1838, akaelekeza macho kwenye haidrojeni ambayo metali inaweza kuchukua nafasi yake. Svante Arrhenius akaja na ioni: asidi hutoa H⁺ majini, besi hutoa OH⁻. Kisha mwaka 1923 Johannes Brønsted huko Denmark na Thomas Lowry huko Uingereza, kila mmoja kivyake, wakasema asidi ni kinachotoa protoni na besi ni kinachoipokea.

Kitini kitashika huu wa 1923. Sababu ni amonia. NH₃ haina OH hata moja, lakini iyeyushe majini uone: karatasi nyekundu ya litmasi inageuka buluu. Ukimfuata Arrhenius inabidi uzunguke mbuyu ndipo ueleze. Ukiwafuata Brønsted na Lowry jambo liko wazi. Amonia imechukua protoni kwa maji, na OH⁻ ni mabaki ya maji yaliyonyang'anywa:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Kuna faida nyingine. Anayezoea kuuliza "nani katoa, nani kapokea" kuhusu protoni atakuwa na swali hilo hilo mkononi atakapofika kwenye elektroni.

Besi isiyoaminika

Jaribio la kwanza ni kutayarisha sodiamu haidroksidi (NaOH) ya takriban 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Neno muhimu hapo ni takriban. Moli moja ya NaOH ni gramu 40.00, kwa hiyo kwenye karatasi gramu 4.00 katika lita moja zinatosha. Mezani mambo ni mengine. Vipande vyake vyeupe vikikaa wazi vinaanza kung'aa kwa unyevu wakati bado viko kwenye mizani, na tarakimu ya mwisho ya mizani inapanda pole pole huku hakuna aliyeongeza kitu. Unapima NaOH pamoja na maji ya hewani. Tena si maji peke yake. Kaboni dioksidi nayo inaingia:

2OH⁻ + CO₂ → CO₃²⁻ + H₂O

Ndiyo maana besi hii haifai kuwa kipimo cha kwanza cha kuaminiwa. Inabidi isanifishwe, yaani ukolezi wake halisi upimwe, kwa kitu kigumu, kikavu, kisichovuta unyevu na chenye uzito wa moli unaojulikana. Nimechukua potasiamu haidrojeni fthaleti, ambayo moli yake ni gramu 204.22 na kila molekuli hutoa protoni moja. Uzito huo mkubwa ni neema, kwa sababu kosa dogo la mizani halileti tofauti kubwa kwenye jibu.

Gramu 0.5106 za fthaleti ni milimoli 2.500. Besi ingekuwa 0.1000 M kamili, zingehitajika mililita 25.00. Bureti ikasimama kwenye 25.85, ikimaanisha besi ni 0.0967 M. Nimeliacha pengo hilo kitinini kama lilivyo bila kulirekebisha, kwa sababu linafundisha kuliko namba ya duara: msomaji anaona kwa macho yake kwamba lebo ya chupa ni makadirio na titresheni, yaani kudondosha kwa bureti mpaka mmenyuko ukamilike na kusoma ujazo, ndiyo inayosema ukweli.

Maji yaliyokenekwa yanachemshwa kwanza na kupozwa yakiwa yamefunikwa, kufukuza kaboni dioksidi iliyoyeyuka. Chupa ya plastiki inafaa kuhifadhia kuliko ya kioo chenye kizibo cha kioo, kwani alkali hula kioo taratibu na kizibo huganda.

Miwani ya kinga nimeiandika juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Alkali machoni ni hatari kuliko asidi nyingi za ukolezi ule ule, na watu huidharau kwa sababu haina harufu.

Asidi mbili, bureti moja

Hapa ndipo kitini kinaanza kunoga. Flaski mbili, kila moja ina mililita 25.0 za asidi ya 0.100 M. Moja ni hidrokloriki, nyingine ni ethanoiki. Mita ya pH imesanifishwa kwa bafa (miyeyusho ambayo pH yake haiyumbi kirahisi) za 4.01, 7.00 na 10.01. Kabla ya tone lolote la besi, ya kwanza inasoma karibu na 1.0 na ya pili karibu na 2.9.

Kipimo cha pH, kilicholetwa na Søren Sørensen mwaka 1909, kinakwenda kwa makumi: hatua moja ni mara kumi. Tofauti ya 1.9 ni karibu mara themanini ya ioni za haidrojeni. Hidrokloriki imejitoa yote. Ethanoiki imetoa protoni kwa takriban molekuli 1.3 katika kila 100, zilizobaki zimeshikilia zao. Hiyo ndiyo maana ya asidi dhaifu, na haihusiani na kuzimuliwa. Unaweza kuwa na asidi dhaifu iliyokolea na asidi kali iliyozimuliwa, na anayechanganya maneno hayo mawili atasumbuka hadi mwisho wa somo.

Swali nililoliweka kabla ya jaribio: je, asidi dhaifu itahitaji besi kidogo zaidi? Wengi hujibu ndiyo, na jibu hilo lina mantiki yake, kwa sababu ioni zilizo huru ni chache. Lakini zote mbili zinadai mililita 25.0 za besi ya 0.100 M. Kila OH⁻ inayoingia inakamata protoni iliyo huru, msawazo unasogea, molekuli nyingine ya ethanoiki inaachia yake. Zile zilizokuwa zimejishikilia zinatolewa moja baada ya nyingine mpaka zimalizike. Bureti huhesabu protoni zote zinazoweza kutoka. Mita ya pH huhesabu zile zilizokwisha toka.

Sehemu ya kukaa nayo ni mililita ya mwisho. Kwa hidrokloriki, kwenye 24.90 pH ni 3.7. Kwenye 25.10 ni 10.3. Kati ya hizo mna matone manne tu ya bureti, kila moja takriban mililita 0.05, na pH imeruka hatua sita na zaidi. Kwa ethanoiki kuruka huko ni kufupi: 24.90 inasoma karibu 7.2, na 25.10 inasoma 10.3 kama mwenzake. Nukta ya usawa, pale besi inapotoshana na asidi yote, kwa hidrokloriki ni pH 7.0, ya ethanoiki ni 8.7, kwa kuwa ioni ya ethanoeti iliyobaki majini nayo ni besi kidogo na inanyofoa protoni kwa maji.

Uchaguzi wa kiashiria, yaani rangi inayobadilika kuonyesha mwisho, unatoka moja kwa moja kwenye namba hizo. Fenolfthalini hubadilika kati ya 8.2 na 10.0, kwa hiyo inafaa kwa zote mbili. Methili chungwa hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Kwa hidrokloriki hakuna neno, inafanya kazi vizuri. Kwa ethanoiki nimefanya makusudi kuiweka ili ionekane: rangi inaanza kuyumba mapema sana na inakuwa ya manjano kamili besi ikiwa mililita 7.6 tu, kabla hata thuluthi moja ya asidi haijamalizwa. Anayeiamini ataandika jibu dogo mno bila shaka yoyote moyoni.

Nusu ya njia, kwenye mililita 12.5, pH ya ethanoiki ni 4.76, ambayo ni pKa yake, namba inayopima nguvu ya asidi. Hapo asidi iliyobaki na ethanoeti iliyozaliwa ziko sawa sawa, na unaweza kuongeza matone kadhaa ya besi au ya asidi na sindano ya mita isijali. Hiyo ni bafa, na msomaji ameitengeneza bila kuambiwa anatengeneza bafa. Nimefikiria kuipa sura yake, nikaona iachwe hapo hapo ilipozaliwa.

Angalizo fupi la joto: 7 ni nukta ya kati kwa nyuzi 25 za Selsiasi tu. Maji safi kwenye nyuzi 50 yana pH ya karibu 6.6, na bado hayana asidi, kwa sababu H⁺ na OH⁻ zimeongezeka pamoja.

Hali: sura ya asidi na besi imekamilika isipokuwa michoro.

Daftari la elektroni

Kuhamia redoksi kulihitaji hesabu kabla ya chupa. Uoksidishaji ni kutoa elektroni, upunguzaji ni kuzipokea, na hakuna kimoja bila kingine. Namba za oksidishaji, chaji za kubuni tunazozipa atomu ili kuhesabu elektroni, ni chombo cha uhasibu tu. Hakuna aliyewahi kupima chaji ya +7 juu ya manganizi ndani ya pamanganeti. Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaozichukulia kama chaji halisi, kisha wanashangaa.

Nimetumia njia ya nusu milinganyo. Chukua ioni ya pamanganeti kwenye asidi, inayogeuka kuwa Mn²⁺. Oksijeni nne upande wa kushoto zinahitaji mahali pa kwenda, kwa hiyo zinatoka kama molekuli nne za maji. Maji hayo yanahitaji haidrojeni nane, nazo zinatoka kwenye asidi. Kisha chaji: kushoto −1 na +8 ni +7, kulia ni +2, kwa hiyo elektroni tano zinaongezwa kushoto.

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Nimeutazama mlinganyo huu kwa muda kabla ya kuendelea, na ningependa msomaji naye autazame. Elektroni tano, protoni nane. Katika mmenyuko unaoitwa wa elektroni, protoni ndizo nyingi. Zile oksijeni nne zimeshikamana na manganizi, na haziwezi kuondoka mpaka kila moja ipate protoni mbili ziwe maji. Nyima flaski asidi, na mlango umefungwa nusu.

Kuna hesabu inayolitia hilo namba. Uwezo sanifu wa nusu mlinganyo huu, yaani kipimo cha nguvu yake ya kuvuta elektroni, ni +1.51 V, na kwa kanuni ya Nernst, inayohusisha uwezo huo na ukolezi, kwenye nyuzi 25, hushuka kwa takriban 0.095 V kila pH inapopanda hatua moja. Klorini juu ya kloridi ni +1.36 V. Kwa hiyo, kwa hesabu hii na mengine yote yakiwa katika hali sanifu, pamanganeti ina nguvu ya kuoksidisha kloridi chini ya pH ya takriban 1.6, na juu ya hapo haina. Maabara husema "tumia asidi ya salfuriki, usitumie hidrokloriki" kama amri; kitini sasa kinaweza kueleza kwamba kloridi ingekula sehemu ya pamanganeti na kupotosha bureti. Nitriki nayo haifai, kwa kuwa ioni ya nitreti yenyewe ni kioksidishaji, yaani hunyang'anya elektroni.

Pamanganeti na oksaleti

Pamanganeti haiaminiki kwa mizani, kama ilivyo NaOH, ila sababu ni tofauti. Mara nyingi ina chembe za manganizi dioksidi, na mwanga na uchafu wa maji huendelea kuiharibu. Myeyusho umechemshwa, ukaachwa upoe, ukachujwa kwa kichujio cha kioo (karatasi ingeoksidika) na kuwekwa kwenye chupa ya kahawia. Kuusanifisha nimetumia sodiamu oksaleti, moli yake gramu 134.00.

2MnO₄⁻ + 5C₂O₄²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO₂ + 8H₂O

Gramu 0.1675 ni milimoli 1.250. Kila oksaleti hutoa elektroni mbili, jumla milimoli 2.500 za elektroni. Kila pamanganeti hupokea tano, kwa hiyo zinahitajika milimoli 0.500, yaani mililita 25.0 za 0.0200 M. Nimeiweka hesabu hii kwenye ukurasa unaotazamana na ule wa fthaleti makusudi, maana kule nako zilikuwa milimoli 2.500, za protoni. Umbo la hesabu ni moja.

Lakini tabia ya flaski ni tofauti kabisa, na hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Flaski imepashwa moto mpaka karibu nyuzi 60. Tone la kwanza la zambarau linaanguka, na halifanyi kitu. Linasambaa, linabaki, rangi ya waridi imetanda flaski nzima kana kwamba titresheni imekwisha kabla ya kuanza. Unazungusha, unasubiri. Pole pole waridi inafifia, inapotea. Tone la pili linapotea haraka kidogo. La tatu haraka zaidi. Baada ya hapo unaweza kufungua bureti na zambarau inazimika pale pale inapogusa maji, hadi karibu na mwisho.

Kilichotokea ni kwamba Mn²⁺, zao la mmenyuko wenyewe, ni kichocheo chake. Mwanzoni haikuwepo. Kila tone lililofanikiwa lilirahisishia lililofuata. Asiyejua hilo ataona waridi ya tone la kwanza, ataandika 0.05 na kufunga daftari. Kitini kinamwambia angoje.

Mambo mawili ya mkono. Pamanganeti ni nyeusi mno ndani ya bureti kiasi kwamba huoni chini ya mbonyeo wa uso wake, kwa hiyo soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, mradi usibadilishe katikati. Na hakuna kiashiria kinachohitajika: tone la ziada lenyewe linaacha waridi hafifu, na ikidumu kwa nusu dakika umefika.

Chumvi ya Mohr, yaani amoniamu chuma(II) salfeti, imefuata bila shida: gramu 9.80 kwenye flaski ya ujazo ya mililita 250 ni takriban 0.100 M, mililita 25.0 zake zinadai mililita 25.0 za pamanganeti, tano kwa moja. Hapa hakuna kupasha moto. Asidi ya salfuriki inaingia mapema, kwenye maji ya kuyeyushia, vinginevyo chuma(II) huoksidika kwa hewa na myeyusho unachafuka rangi ya kutu.

Flaski tatu

Jaribio hili ndilo linalobeba dai la kitini. Pamanganeti ile ile, kipunguzaji kile kile (sodiamu salfaiti), flaski tatu. Ya kwanza imewekwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ya pili maji matupu, ya tatu sodiamu haidroksidi iliyokolea kiasi. Pamanganeti ni kidogo sana, rangi tu ya kutosha kuonekana.

Kwenye asidi, zambarau inakuwa maji yasiyo na rangi. Manganizi imeshuka kutoka +7 hadi +2.

Kwenye maji matupu inakuwa ya kahawia, na ukiacha itulie mashapo ya MnO₂ yanakaa chini. Imeshuka hadi +4 tu.

Kwenye alkali inakuwa ya kijani, kijani ya kina, nayo ni manganeti, MnO₄²⁻. Imeshuka hatua moja, +6. Salfaiti hapa iwe kidogo mno, matone, kwa sababu ikizidi inaipeleka kahawia.

2MnO₄⁻ + 5SO₃²⁻ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5SO₄²⁻ + 3H₂O
2MnO₄⁻ + 3SO₃²⁻ + H₂O → 2MnO₂ + 3SO₄²⁻ + 2OH⁻
2MnO₄⁻ + SO₃²⁻ + 2OH⁻ → 2MnO₄²⁻ + SO₄²⁻ + H₂O

Elektroni tano, tatu, moja. Protoni ndizo zilizoamua idadi. Tahadhari: asidi na salfaiti pamoja hutoa salfa dioksidi, kwa hiyo asidi itangulie kwa pamanganeti, salfaiti ifuate kwa matone, na madirisha yawe wazi au kazi ifanyiwe kwenye kabati la moshi.

Kisha nikaongeza hatua ambayo sikuwa nimeipanga kwenye rasimu. Chukua ile flaski ya kijani, hakikisha salfaiti imeisha, tia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa tone kwa tone. Kijani inavunjika. Zambarau inarudi, ikiwa na vumbi la kahawia ndani yake.

3MnO₄²⁻ + 4H⁺ → 2MnO₄⁻ + MnO₂ + 2H₂O

Hakuna kioksidishaji kilichoongezwa, wala kipunguzaji. Zimeingia protoni tu, na manganizi za +6 zimegawana elektroni zenyewe kwa zenyewe: mbili zimepanda hadi +7, moja imeshuka hadi +4. Ningekuwa na nafasi ya jaribio moja tu katika kitini kizima, lingekuwa hili.

Ili msomaji asidhani kila rangi inayobadilika ni redoksi, nimeweka swali la karatasi kuhusu kromati ya manjano inayogeuka daikromati ya chungwa ukiongeza asidi:

2CrO₄²⁻ + 2H⁺ ⇌ Cr₂O₇²⁻ + H₂O

Piga hesabu ya kromiamu pande zote mbili. Ni +6 na +6. Hakuna elektroni iliyohama. Jaribio lenyewe silileti mezani, kwa kuwa kromiamu(VI) husababisha saratani na somo lake linapatikana kwa kalamu.

Shaba katika asidi mbili

Fupi. Kipande cha shaba ndani ya hidrokloriki iliyozimuliwa kinakaa kama kilivyo. H⁺ haina uwezo wa kuchukua elektroni za shaba. Ndani ya nitriki iliyozimuliwa kwa nusu, viputo vinatoka, maji yanageuka buluu, na juu ya bika gesi inakuwa kahawia inapokutana na hewa.

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Anayepokea elektroni hapa ni nitrojeni ya nitreti. Kati ya nitriki nane, mbili zimefanya kazi ya kioksidishaji na sita zimebaki nitreti za chumvi, huku zote nane zikitoa protoni za kuundia maji. Gesi hizo ni sumu: nitaliacha kama onyesho la mwalimu ndani ya kabati la moshi.

Seli ya Daniell

John Frederic Daniell aliitengeneza mwaka 1836, na bado sijaona njia bora ya kumfanya mtu aamini kwamba elektroni zinasafiri. Zinki ikitiwa moja kwa moja kwenye shaba salfeti, buluu inafifia na zinki inavaa ukoko mwekundu mweusi. Mmenyuko umefanyika lakini elektroni zimeruka bila kupita popote. Tenganisha metali hizo kwenye bika mbili, unganisha kwa karatasi ya chujio iliyoloweshwa potasiamu nitreti, na zikitaka kuvuka ni lazima zipite kwenye waya. Zinki ni −0.76 V, shaba ni +0.34 V, tofauti 1.10 V. Voltimita ilitoa pungufu kidogo ya hapo, jambo la kawaida kwa daraja la karatasi na metali iliyopigwa msasa kwa mkono.

Kuzimua upande wa shaba mara kumi kunapaswa kushusha takriban 0.03 V, na ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikatia amonia upande wa shaba. Kwanza mashapo ya buluu hafifu, shaba haidroksidi. Ukiendelea, mashapo yanayeyuka na kuwa buluu nzito, [Cu(NH₃)₄]²⁺, na sindano inaporomoka. Shaba bado imo yote bikani, ila Cu²⁺ iliyo huru imebaki kidogo mno kwa sababu amonia imeishika kwa jozi zake za elektroni. Mwaka ule ule wa 1923 Gilbert Lewis alipanua maana ya besi ijumuishe kila kinachotoa jozi ya elektroni, na hapa maana hiyo inasomeka kwenye voltimita. Ukurasa huu umepanda cheo. Ulikuwa nyongeza, sasa ni jaribio kamili.

Ukurasa wa onyo

Dawa ya kung'arishia yenye haipokloriti isichanganywe na asidi yoyote, ikiwemo ya kusafishia vyoo. Nimeuandika kama kemia, maana onyo lisilo na sababu husahaulika. Klorini ikiingia kwenye alkali hujigawa:

Cl₂ + 2OH⁻ → Cl⁻ + ClO⁻ + H₂O

Ndivyo dawa hiyo inavyotengenezwa, na alkali ndiyo inayoifungia klorini humo. Leta asidi, na mlinganyo unarudi nyuma:

ClO⁻ + Cl⁻ + 2H⁺ → Cl₂ + H₂O

Gesi hiyo huunguza mapafu. Hili halifanyiwi jaribio.

Kilichobaki

Titresheni ya iodini kwa thayosalfeti bado haijaandikwa. Wanga, unaogeuka buluu ukikutana na iodini, utaingia mwishoni tu, iodini ikiwa imefifia hadi manjano ya nyasi kavu. Ukiuweka mapema unang'ang'ania iodini na buluu inachelewa kuondoka. Mlinganyo wake hauna protoni hata moja:

I₂ + 2S₂O₃²⁻ → 2I⁻ + S₄O₆²⁻

Kwa mtazamo wa kwanza unapingana na dai langu, na ndiyo sababu nautaka. Lakini tia thayosalfeti kwenye asidi na baada ya muda inavunjika, salfa ya maziwa maziwa inajitokeza. Iweke kwenye alkali kali na iodini inaipeleka mpaka salfeti, elektroni nane badala ya moja kwa kila thayosalfeti, hesabu yote inaharibika. Inafanya kazi kwa usahihi pale katikati tu. Jaribio litakuwa na flaski za pH tofauti, iodini ikiwa kiasi kile kile katika kila moja, na msomaji ataandika usomaji wa bureti wa kila flaski kabla ya kufunua ukurasa wenye milinganyo.

Baada ya hapo ni michoro ya mikunjo, jedwali la utupaji wa mabaki (manganizi na shaba visimwagwe kwenye sinki), na kupitia upya tarakimu za kila hesabu.